Sarufi na hotuba za ushawishi: vipindi viwili au kazi moja?

Swali la msomaji: Nafundisha Kiingereza wanafunzi wa miaka 12 hadi 14. Ratiba yangu imegawanyika: siku fulani sarufi, siku nyingine hotuba za ushawishi. Kwenye mazoezi ya sarufi wanapata vizuri tu, lakini wakisimama kutoa hotuba makosa yaleyale yanarudi. Nikiwasahihisha wanapoteza ujasiri, na wengine hunyamaza kabisa. Mwalimu mwenzangu ananiambia niachane na sarufi kwa kuwa utafiti umeonyesha haisaidii. Nifanye nini?

Jibu:

Mwalimu, usiiache sarufi. Kinachohitaji kubadilika ni ratiba inayoitenga na hotuba. Wanafunzi wako wakianza kuandaa hotuba, sarufi utakayofundisha wiki hizo iwe ile ambayo hotuba yenyewe inaidai, na ifike darasani siku wanapoihitaji.

Kwanza tuelewane kwa nini makosa yanarudi. Zoezi la kujaza nafasi humwonyesha mtoto mahali pa kuangalia. Nafasi iko wazi mbele yake, kichwa cha zoezi kimeshamwambia kuwa leo ni wakati uliopita, na kitenzi cha kunyambua amepewa. Akisimama mbele ya wenzake, hayo yote hayapo. Anatafuta hoja, anatafuta neno, anaona darasa la watu thelathini likimtazama, na papo hapo kitenzi kinatakiwa kipatane na kiima. Kuijua kanuni ni uwezo mmoja. Kuitumia huku akili imeshikwa na jambo jingine ni uwezo mwingine, na huo wa pili haukui kwa kuongeza mazoezi ya kujaza nafasi. Wanafunzi wako hawajasahau ulichowafundisha. Hawajawahi kukitumia wakiwa na jambo la kusema.

Mwenzako naye ana hoja, ingawa ameishika nusu. Mwaka 1963 Richard Braddock na wenzake huko Marekani walipitia tafiti za ufundishaji wa uandishi, wakahitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi hakuongezi ubora wa uandishi kwa kiasi cha maana, na kunaweza hata kuudhuru kwa sababu kunakula muda wa kuandika. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walijumlisha matokeo ya tafiti za wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, na sarufi iliyofundishwa peke yake ikapata athari ndogo tena hasi. Lakini katika majumuisho hayohayo, zoezi la kuunganisha sentensi fupi ziwe sentensi moja lilipata athari chanya iliyo wazi. Nalo pia ni somo la sarufi! Tofauti ni kwamba mwanafunzi anaunda sentensi badala ya kuzipa majina sehemu zake.

Kuna jambo jingine ambalo watu huliruka. Tafiti hizo zilipima uandishi, na nyingi zilifanyika kwa watoto waliokua na Kiingereza masikioni. Kwa wanaojifunza lugha ya pili picha ni tofauti: mwaka 2000 John Norris na Lourdes Ortega walikusanya tafiti za ufundishaji wa lugha ya pili, wakaona kwamba kufundishwa miundo waziwazi kunasaidia kuliko kuachwa uiokote mwenyewe. Kwa hiyo kama wanafunzi wako hawazungumzi Kiingereza nyumbani, ukifuta sarufi unawanyima kitu ambacho hawana pengine pa kukipata.

Sasa tuje kwenye miundo yenyewe. Usijaribu kufundisha yote katika hotuba moja; chagua miwili, kwa taabu mitatu. Mimi ningeanza na ule ambao naupa uzito kuliko mwingine wowote: sentensi inayokiri hoja ya mpinzani na kuijibu hapohapo.

Mtoto wa umri huu akitetea jambo husema upande wake, kisha anausema tena kwa sauti kubwa zaidi. Ukimwambia ataje hoja ya upande wa pili, anaandika aya nzima ya kuwatetea wapinzani wake halafu anashindwa kurudi kwake. Hapo sarufi inamwokoa. Mpe sentensi hii: "Although phones help us find information, they pull our attention away from the lesson." Kishazi tegemezi, yaani kipande cha "although" kisichoweza kusimama peke yake, kimebeba hoja ya mpinzani; kishazi huru, kinachoweza kusimama peke yake, kimebeba ya kwake. Kisha igeuze: "Phones pull our attention away from the lesson, although they help us find information." Maneno karibu ni yaleyale na hakuna uongo ulioongezwa, lakini msikilizaji wa sentensi ya pili anabaki na faida za simu kichwani. Zisome zote mbili kwa sauti, waulize: huyu wa kwanza yuko upande gani? Na huyu wa pili? Ukifika hapo, habari ya kishazi huru na kishazi tegemezi inaacha kuwa istilahi ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Inakuwa ni suala la nani anabaki na neno la mwisho, na watoto wa miaka 13 wanalijali sana hilo.

Alama ya mkato inafundishwa hapohapo. Kishazi tegemezi kikitangulia, mkato unakuja mwisho wake, na katika kuzungumza ndipo msemaji anapopumua kidogo kabla ya kupiga hoja yake. Waambie waisome sentensi bila kupumua, kisha kwa kupumua. Sikio litawafundisha haraka kuliko kanuni uliyoiandika ubaoni. Tahadhari moja: watoto waliozoea kusema "ingawa… lakini" kwa Kiswahili wataandika "Although… but". Liseme kosa hilo kabla hawajalifanya, kwa sababu watalifanya karibu wote.

Muundo wa pili ni vitenzi visaidizi: must, should, could, might. Vitabu vingi huvifundisha kama orodha ya maana: wajibu, ushauri, uwezekano. Katika hotuba vina kazi nzito zaidi, kwani vinapima ukubwa wa dai, na ukubwa wa dai ndio unaoamua ushahidi kiasi gani unahitajika. Anayesema "Schools must ban phones" amejipa mzigo mkubwa kuliko anayesema "Schools should limit phones during lessons." Wa kwanza lazima aeleze kwa nini hakuna njia nyingine yoyote. Wa pili anatosheka kuonyesha kwamba njia yake ni bora. Zoezi zuri ni kumpa kila mwanafunzi dai lake aliandike mara tatu, kila mara kwa kitenzi kisaidizi kingine, kisha jirani yake achague lile ambalo ushahidi uliopo unaweza kulibeba. Utashangaa jinsi wanavyobishana. Na ndani ya ubishi huo unasahihisha umbo: baada ya kitenzi kisaidizi kitenzi kikuu hubaki kitupu, kwa hiyo "should limits" na "must to stop" huondoka.

Chukua mada ya muda wa kuanza masomo, ambayo watoto huipenda. Mwanafunzi atakayetafuta ushahidi atakuta kwamba mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Atakuta pia kwamba jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika Julai 2022: shule za kati zisianze kabla ya saa mbili kamili, na sekondari za juu zisianze kabla ya saa mbili na nusu. Muulize: madaktari walisema "must" au "should"? Na sheria je? Pendekezo ni pendekezo, sheria ni amri. Mtoto akiripoti pendekezo kana kwamba ni amri, amepotosha ushahidi wake kwa kitenzi kimoja tu. Hapo umefundisha sarufi na uaminifu wa hoja kwa pamoja, na sijui kipindi chenye thamani kubwa kuliko hicho.

Mada hiyohiyo inakufungulia sentensi za masharti. "If we start later, students will sleep more" inalifanya jambo lionekane liko mlangoni. "If we started later, students would sleep more" inaliweka mbali, kama jambo la kuwaziwa. Msemaji anayetaka hadhira iamue leo atachagua ya kwanza, na anayejua kuwa hadhira yake imeshakataa huenda akaanza na ya pili ili wasijifungie kabla hajamaliza. Hii ni ngumu kidogo kwa wenye miaka 12. Kama darasa lako bado linahangaika na wakati uliopita, iache hadi muhula unaofuata.

Nafsi na kauli ya kutendwa nitazitaja tu. Waonyeshe tofauti ya "you waste water" na "we waste water" mbele ya hadhira ileile, na jinsi "mistakes were made" inavyomficha mtenda. Nusu kipindi inatosha.

Ulinganifu wa miundo, yaani kupanga vipande vya sentensi vyenye umbo moja, unastahili muda zaidi, kwa kuwa ndio unaoifanya hotuba ikumbukwe na pia ndio unaofichua udhaifu wa sarufi. Abraham Lincoln alipozungumza Gettysburg tarehe 19 Novemba 1863 alitumia maneno yasiyofika 300, na mwisho wake unashikiliwa na vihusishi vitatu mbele ya nomino moja: "of the people, by the people, for the people". Martin Luther King mjini Washington tarehe 28 Agosti 1963 alirudia "I have a dream" mwanzoni mwa sentensi baada ya sentensi, na kila marudio yakafuatwa na kishazi kipya. Malala Yousafzai aliwahutubia vijana katika Umoja wa Mataifa tarehe 12 Julai 2013, siku aliyotimiza miaka 16, na karibu na mwisho akaweka nomino nne, kila moja ikiwa na "one" mbele yake, zote zikiwa kiima cha kitenzi kimoja. Huyo wa tatu alikuwa karibu na umri wa wanafunzi wako, anza naye. Wasikilize kipande kifupi, waandike kile kinachorudiwa, kisha waseme ni kihusishi, ni kishazi au ni nomino. Baada ya hapo kila mmoja aandike sentensi moja ya namna hiyo kwa mada yake. Utapata vitu kama "We want clean rooms, safe water and to play more", na darasa zima litasikia kwamba kipande cha tatu kimechechemea. Wakishasikia, watakisahihisha wenyewe.

Nimetaja kuunganisha sentensi, na nataka ulifanye zoezi hili kila siku ya wiki za hotuba, dakika kumi mwanzoni mwa kipindi. Frank O'Hare alilijaribu na wanafunzi wa darasa la saba, akachapisha matokeo mwaka 1973: waliofanya zoezi hilo waliandika sentensi zilizokomaa zaidi, na maandishi yao yakapewa alama za juu kuliko ya wale waliofuata mtaala wa kawaida, tena bila kufundishwa istilahi za sarufi. Unaandika ubaoni sentensi tatu tupu: "Phones ring. Students look up. The teacher stops." Wanaziunganisha kuwa moja. Mmoja ataandika "When phones ring, students look up and the teacher stops." Mwingine: "The teacher stops because phones ring and students look up." Usiulize ipi ni sahihi, kwa kuwa zote ni sahihi. Uliza ipi inafaa kwa msemaji anayetaka simu zizuiwe, na kwa nini. Chukua sentensi hizo kutoka kwenye rasimu zao wenyewe, bila kutaja za nani. Wanafunzi hukaza mwendo wanapotambua kwamba sentensi iliyo ubaoni inatoka kwa mmoja wao.

Upande wa hotuba yenyewe nitasema machache, kwa kuwa naamini unaujua. Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, aliitaja misingi mitatu ya kushawishi: tabia na uaminifu wa msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Watoto huielewa haraka. Kinachowashinda ni kujua wanazungumza na nani. "Tutunze mazingira" ni mada isiyo na hadhira. "Mkuu wa shule aruhusu maktaba ibaki wazi saa moja baada ya masomo" ina mtu mwenye uwezo wa kukubali au kukataa, na mara moja mtoto anajua atumie "should" au "could", aseme "we" au "you". Kila unapoona hotuba imejaa sarufi mbovu na sentensi zisizokwenda popote, kagua mada kwanza. Mara nyingi mtoto hana la kusema, na sarufi inabeba lawama isiyo yake.

Weka hotuba iwe ya dakika mbili. Kwa mwendo wa kawaida wa mwanafunzi hayo ni maneno kama 200 hadi 250, kiasi ambacho anaweza kukirekebisha mara tatu bila kuchoka. Asisome karatasi nzima: awe na kadi yenye maneno ya kumkumbusha, pamoja na sentensi mbili tu zilizoandikwa kikamilifu, nazo ni zile zenye miundo mliyojifunza wiki hizo.

Nafika kwenye lile linalokuumiza zaidi, kusahihisha. Mtoto anapokuwa amesimama, usimkatize. Hata neno moja. Anayekatizwa kwa ajili ya "he go" anajifunza kwamba mwalimu hakusikia hoja yake, na wengine ishirini na tisa wanajifunza hivyohivyo wakiwa wamekaa. Andika unachosikia kwenye daftari lako. Akimaliza, jibu hoja kwanza: umekubali au hukukubali, na kwa nini. Katika jibu hilo unaweza kurudisha kosa lake likiwa limenyooka, kwa sauti ya kawaida: "So your brother goes to bed at midnight, and you say that is the school's fault?" Atasikia. Asiposikia leo, atasikia kesho.

Makosa uliyoyaandika yagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yaliyomzuia msikilizaji kuelewa. Haya yazungumze na mwanafunzi mwenyewe, wawili peke yenu. La pili ni ya miundo mliyofundishwa wiki hizo. Yapeleke darasani kwenye zile dakika kumi. La tatu ni mengine yote, na haya yaache. Najua inauma kuyaacha. Lakini mtoto aliyerudishiwa rasimu iliyojaa wino hatofautishi kosa kubwa na dogo, anaona wino tu. Kwenye maandishi, badala ya kuandika jibu sahihi, weka alama ndogo pembeni mwa mstari wenye kosa na umwachie alitafute. Sehemu kubwa ya makosa ya umri huu ni ya haraka, na wakielekezwa mstari huyaona wenyewe. Yale wasiyoyaona ndiyo uliyobaki nayo ya kufundisha, na utafurahi kuona ni machache.

Kwa wale walionyamaza, hatua ziwe fupi. Mara ya kwanza asimulie hoja yake kwa jirani mmoja. Mara ya pili kwa kikundi cha wanne. Ndipo mbele ya darasa. Hotuba ileile, mara tatu, hadhira inakua. Kufikia mara ya tatu sentensi zimeshazoeleka mdomoni na akili inapata nafasi ya kushughulikia sarufi, kwa hiyo hatua hii inawasaidia hata wajasiri. Na wasikilizaji uwape kazi: kila mmoja aandike sentensi moja aliyoikumbuka, neno kwa neno kadiri anavyoweza. Msomee msemaji sentensi zilizokumbukwa. Mara nyingi zitakuwa zile zenye ulinganifu au zile za "although", na hakuna alama nyekundu inayoweza kumwonyesha jambo hilo kwa uwazi huo.

Katika kutoa alama, tenga hoja, lugha na uwasilishaji, na kwenye lugha hesabu miundo mliyofundishwa tu. Waambie hivyo mwanzoni, kabla hawajachagua mada. Mtoto akijua kwamba anapimwa kwa sentensi mbili za kukiri na kujibu na vitenzi visaidizi vilivyotumika ipasavyo, atavishughulikia. Akiambiwa "sarufi: alama 10" bila maelezo, hajui aanzie wapi, nawe hujui umemnyima alama kwa lipi.

Mwisho, kuhusu mtihani. Kama wanafunzi wako watapimwa kwa maswali ya kujaza nafasi, wanahitaji kuyazoea, na hakuna aibu kuwafanyisha. Yape kipindi kimoja kwa wiki, baada ya hotuba badala ya kabla yake, na maswali yenyewe yatunge kutokana na yale mafungu mawili ya kwanza ya makosa uliyoyaandika kwenye daftari lako.